Ndovu na Machicha ya Mwenyekiti

Sogeeni karibu na moto, na mwenye usingizi aseme mapema.

Palikuwa na mjane, Nyamizi, aliyelima mahindi ukingoni mwa msitu, na hakuwa na chakula kingine. Jioni moja ndovu asemaye kama mtu akasimama shambani mwake.

"Hodi, mama. Nafuata machicha ya pombe mnayomwaga nyuma ya nyumba. Harufu yake inanivuta kama kamba. Yafukieni, sitakuja tena."

Nyamizi akafukia yake. Ndovu akarudi, akavunja mahindi akipita kwenda kwa jirani. Nyamizi akambembeleza jirani, naye akafukia. Ndovu akarudi, akavunja mengine akielekea kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nyamizi akamwendea mwenyekiti. "Fukia machicha yako, baba."

"Suala hilo liko kwenye mchakato, dada. Tumemwita bwana nyamapori. Mgeni mkubwa yule, lazima apikiwe pombe."

Ikapikwa pombe ya kijiji kizima. Bwana nyamapori akanywa, akahutubia juu ya umuhimu wa kufukia machicha, akapigiwa makofi, akaondoka. Machicha yakamwagwa nyuma ya ofisi ya mwenyekiti.

Jua likizama, ndovu akaja ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama. Navutwa."

"Najua, baba. Pita, ila pita palepale ulipokwisha kuvunja."

Alijitahidi, maskini, akakanyaga nyayo zake za zamani. Lakini jioni hiyo alikuwa amekuja na ukoo wake wote.

Nami naishia hapo, maana na mahindi yaliishia hapo.