Nguzo Iliyopanda Mti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga kwa zege na kuitana kwa simu, Mzee Kifaru alisimamia ujenzi wa daraja. Fundi wake alikuwa Fisi.

Ndani ya nguzo kubwa, Fisi alitakiwa kufukia kipimio, kidude kidogo kama yai la kwale. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari kwenye simu ya Kifaru: nguzo iko wapi, na imekuwa ngumu kiasi gani.

Asubuhi moja Mama Pimbi alikuwa akifagia nyumba yake, ndani ya ufa wa jabali kando ya mto. Ting! Ting! Akachungulia. Lahaula! Kipimio cha nguzo kimechomekwa kwenye jabali lake!

Akateremka mbio hadi kwenye nguzo, akaibonyeza. Nyweee! Kidole kikazama. Mchanga mtupu! Hapo akalikumbuka banda jipya la Fisi, lililojaa saruji hadi uani.

Akamkimbilia Mzee Kifaru, aliyesimama na Fisi kando ya daraja. Mchana ule watoto wa shule walikuwa wavuke daraja, na wanawe watatu wakiwemo.

"Shikamoo, Mzee. Nguzo ni mbichi!"

"Marahaba. Mbichi?" Kifaru akatoa simu. "Soma hapa: Nguzo ngumu kama jabali."

"Ni jabali kweli, Mzee! Jabali langu! Kipimio kiko kwangu."

"Kwe-kwe-kwe!" Fisi akacheka. "Huyu naye anajua nini habari za vipimo?"

"Simu haijanidanganya hata siku moja," akasema Kifaru. "Nenda kalee watoto, mama."

Mama Pimbi hakubishana. Akarudi kwake, akaking'oa kipimio, akakifunga mgongoni kwa kanga, akatoka mbio. Tifu, tifu, tifu!

Simu ya Kifaru ikalia. Ting! "Nguzo iko kwenye shamba la mihogo."

"Eti nini?"

Ting! "Nguzo iko juu ya mkuyu."

"Fisi! Nguzo inapanda mti!"

"Ni... ni upepo tu, Mzee," akasema Fisi, jasho likimtiririka.

Ting! "Nguzo iko jikoni kwa Kifaru. Laini kama uji."

Kifaru akaitazama simu. Akaitazama nguzo, imesimama palepale mbele yake. Taratibu akaisukuma kwa pembe.

Pwaaa! Yote ikamwagikia mtoni. Ng'ambo, watoto waliokwisha kupanga mstari wakarudi nyuma.

Mama Pimbi akafika akihema, kipimio kikidondosha uji.

"Hiki hapa, Mzee. Hakijasema uongo hata mara moja. Ila wewe hukujua kinasema habari za nani."

Kifaru akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Fisi akaondolewa kwenye kazi ya ufundi, akabaki kubeba saruji yote aliyoificha, mfuko kwa mfuko, mpaka mgongo ukapinda. Nguzo ikajengwa upya, na kipimio kikafukiwa watu wote wakitazama.

Basi wanangu, habari ikikufikia, uliza kwanza imetoka wapi na ni nani aliyeiweka huko.