Nguchiro na Matobo ya Hewa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata kwato zilitia saini, Kifaru alivuka mto akaja kununua hewa. Msicheke, nyie. Hewa kabisa, hii hii ya puani.

Kwao Kifaru alikuwa na matanuru ya chokaa yanayofuka moshi mchana kutwa, majirani wanakohoa na kulalamika. Badala ya kuyazima, akaona bora anunue hewa safi ya msitu wetu, apate kuwaambia kwamba moshi wake umeshalipiwa. Diwani Ngiri akagonga kwato kwenye mkataba, nyumba yake ikaezekwa bati jipya. Sisi wengine tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Kesho yake Kifaru akasimama penye njia ya kuingilia msituni. Hakuna kupita, hakuna kuokota kuni, hakuna kuchimba, hewa yake isije ikachafuka.

Sasa kilikuwa kiangazi, mtama umekwisha ghalani, na chakula kilichobaki ni ming'oko, vile viazi vya porini. Mama Nguchiro alikuwa na watoto wanne. Siku ya kwanza akawapa maji ya moto. Siku ya pili yule mdogo hakuamka kucheza. Mama akaumia moyo, akachukua jembe na kikapu, huyo mpaka kwa Kifaru.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Hewa yako inavuja."

Kifaru akashtuka. "Inavujia wapi?"

"Chini. Msitu huu una matobo. Hebu sikiliza." Akainama kama anayetega sikio, na kwa pembe ya mdomo akatoa sauti: fssss.

Kifaru haoni vizuri, mnalijua hilo. Akauliza dawa yake nini. Nguchiro akamweleza kwamba matobo ya hapa hayazibwi, yanang'olewa pamoja na mizizi, yanafunikwa kikapuni, kisha yanapelekwa mbali. Ni kazi ya wenyeji.

Basi wanyama wadogo wote wakaruhusiwa kuingia na majembe. Chaka, chaka, chaka! Jioni wakatoka na vikapu vizito, vimefunikwa majani.

"Funua nione tobo," Kifaru akasema.

"Nikifunua, hewa yako yote itaingia humu. Halafu, bwana, hiyo hewa uliiona kabla hujainunua?"

Kweli Kifaru hakuiona. Akaona haya kuuliza zaidi, na tena hakutaka matobo yakae karibu na msitu wake. Akavibeba vikapu vyote mwenyewe, vingine mgongoni, vingine kwenye pembe, akavishusha jikoni kwa Mama Nguchiro huku jasho likimtoka. Akashukuru pia.

"Na kesho yapo?"

"Yapo, bwana. Mpaka mvua zinyeshe."

Kifaru akarudi kulinda hewa yake. Yule mtoto mdogo akala vipande vitatu, akaomba cha nne.

Basi wanangu, shikeni hili: ukinunua usichokiona, utabeba usichokijua.