Magunia ya Tamsin

Enzi zile watu walipokuwa wakivuka bahari kwenda Virginia kwa uchu wa ardhi, aliyemlipia mtumishi nauli alipewa na gavana shamba moja kwa kila kichwa. Bwana Thurlow alimlipia Tamsin, akamtumikisha miaka saba: kupika, kufua, kukamua ng'ombe. Siku ya kuachwa huru, desturi ilitaka mtumishi apewe gunia la mahindi na jembe.

"Huna chako hapa," Bwana Thurlow alimfokea. "Kanishtaki!"

Tamsin akaenda kweli. Mbele ya hakimu akauliza kwa upole, "Bwana, yale mashamba yako matatu uliyapata kihalali?"

"Kihalali kabisa! Niliapa, na watumishi niliowaleta wamo daftarini."

"Mheshimiwa, hebu tusomee."

Hakimu akafunua daftari. "Tamsin mpishi. Tamsin dobi. Tamsin mkamuaji."

Bwana Thurlow akapiga hesabu. Akikiri kwamba alileta mmoja tu, mashamba mawili yamekwenda, naye jela kwa kiapo cha uongo. "Ndio hao watatu," akasema.

"Basi magunia matatu na majembe matatu," hakimu akaamua. "Hao wenzako wako wapi?"

"Wamechoka, mheshimiwa," Tamsin alisema, akijifunga kibwebwe. "Mizigo yao nitawabebea mimi."