Kamba ya Fahali wa Mama Khisa

Mla fahali kabla ya kombe hubaki na kamba. Ndivyo alivyowaambia Rispa wa jikoni leo mchana, mlipompelekea zile fulana mpya azione, nanyi mkacheka mkadhani amenuna tu kwa sababu mmemwomba nyama. Sasa mmekuja stoo kuniuliza maana yake. Vema. Kaeni, lakini si juu ya hiyo mashine ya kufyekea nyasi, mguu wake mmoja ni mbovu. Wewe Wabwile, wewe ndiye nahodha, keti hapa mbele nikuone. Na hiyo fulana yako iliyoandikwa "Mabingwa" ivue uigeuze, maandishi yawe ndani. Sitaki kuisoma nikiwa naongea.

Mmeshinda mechi tatu za kujipima nguvu, nimeziona zote. Mmecheza vizuri. Ila leo ni tarehe ngapi? Februari. Nani alichukua kombe Februari? Haya, nyamazeni basi niwaambie methali hii ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilitoka kwenye kona ile ya uwanja, ng'ambo ya milingoti, na mimi nilikuwepo. Kusema kweli, mimi ni mmoja wa waliomla huyo fahali.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa jiografia na kocha wa raga hapa shuleni. Sikuwa na mvi hata moja na nilijiona najua kila kitu. Bado tulikuwa na mikoa enzi hizo, na fainali ya kombe la mkoa ilichezwa mwishoni mwa Machi. Januari na Februari zilikuwa za mechi za kirafiki, kama zenu hizi.

Shule ilikuwa na desturi ambayo nyinyi hamkuikuta. Muhula wa kwanza ulipofunguliwa, nyumbani kwa nahodha walileta fahali mmoja. Alifungwa kwa kamba kwenye kona ya uwanja, akala nyasi za pembeni, na wachezaji wakamwona kila jioni wakifanya mazoezi. Tukilitwaa kombe, alichinjwa, shule nzima ikala, kisha wanafunzi wa zamani walichanga wakanunua fahali wawili wachanga, wakampelekea mwenyewe. Tukishindwa, fahali alirudi kwao mzima, na kamba yake shingoni, bila lawama. Kwa hiyo yule ng'ombe alikuwa amana. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kabla ya kombe.

Nahodha wetu aliitwa Protus Khisa, wa kidato cha nne. Alicheza namba nane, nyuma kabisa ya skramu, pale mnapofungana mabega na kusukumana, na akishaukamata mpira ilibidi watu watatu wamwangushe. Kwao hakukuwa mbali, kama kilomita nne kutoka hapa. Baba yake alikuwa amefariki, akamwachia mama watoto wawili, ekari tatu na jozi ya fahali wa kulimia, Tajiri na Jirani. Najua kuna mjuaji hapa anataka kuniambia ng'ombe wa plau anaitwa maksai. Sisi tuliwaita fahali na tulielewana. Mama Khisa alilima shamba lake kwa jozi ile, kisha akawalimia majirani, na kwa kazi hiyo watoto wake wakasoma. Jozi, nimesema. Ng'ombe mmoja havuti plau.

Alimleta Tajiri mwenyewe, kwa miguu, siku ya kufungua shule. Akanikabidhi kamba mkononi.

"Mwalimu," akaniambia, "desturi ni desturi, sitamwaibisha mwanangu mbele ya wenzake. Lakini mvua ikianza, lazima niwe na jozi. Mkishinda mkaniletea wale wawili, nitawafundisha kazi. Mkishindwa, nirudishieni Tajiri wangu. Vyovyote vile, nisilale njaa kwa sababu ya mpira."

"Ondoa shaka, mama," nikamjibu. "Tajiri yuko mikononi mwangu."

Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo.

Tulicheza mechi nne za kirafiki na kuzishinda zote. Ya kwanza hatukuruhusu hata pointi moja. Ya nne tuliwapiga watu wa shule ya mlimani thelathini na moja kwa tano, hapa hapa kwetu. Mji mzima ulituzungumzia. Kinyozi hakutaka kunitoza.

Lakini nilijua mambo mawili ambayo kinyozi hakuyajua. La kwanza, karibu kila trai tuliyofunga ilipitia njia moja. Skramu, mpira miguuni pa Khisa, anauokota, anakwenda kulia, wawili nyuma yake. Mechi nne, njia moja. Kicheche akipitia tundu lile lile kila siku, ipo siku atamkuta mwenye kuku amelikalia. Hilo nililijua na sikuwafundisha njia ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa tamu.

La pili niliambiwa. Kocha wa mlimani, Mwalimu Ndiema, mtu mpole, alinipa mkono baada ya mechi akasema, "Hongera, Makhanu. Ila hawa niliokuletea ni wa kidato cha pili. Wakubwa wangu ni wale pale." Nikatazama. Vijana kumi na watano walikuwa wamekaa kwenye nyasi na sare zao za shule, mmoja ana daftari. Nikacheka. Nikajisemea, aliyeshindwa hakosi sababu.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu, Bwana Murunga, akatuita ofisini. Alisema mwenyekiti wa halmashauri ya shule angekuja Jumamosi na wageni, na makocha wa shule jirani wangealikwa waone mabingwa wapya. Akauliza, "Mnataka niwape maharagwe? Fahali si yupo?"

Nikasema, "Mwalimu mkuu, yule ni wa baada ya kombe."

"Kwani tutashindwa?"

"Sijasema hivyo. Nasema desturi."

Akaniinamia kutoka upande wake wa meza. "Wewe ndiye kocha. Sema hapa, mbele ya walimu wenzako, kwamba vijana wako watashindwa, na huyo ng'ombe hataguswa."

Walimu kumi na wanane wakanitazama. Lingetosha neno moja tu, "Sijui." Mtu mzima anaweza kusema sijui na asife. Mimi nikasema, "Hatutashindwa."

"Basi mama wa watu atapata wawili badala ya mmoja," akasema Bwana Murunga. "Tunamharakishia tu." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Ijumaa jioni Khisa alinifuata baada ya mazoezi. "Mwalimu, nasikia wanamtaja Tajiri."

"Usijali. Mwezi ujao mama yako ana fahali wawili."

"Na tukishindwa?"

"Nahodha haulizi swali kama hilo," nikamwambia, kwa ukali, ili asiendelee.

Asubuhi Tajiri aligoma. Alikuwa ng'ombe mtulivu, lakini mchinjaji alipomshika alikaza miguu na kukataa kusogea. Ikabidi aitwe Khisa. Yule kijana akaja, akampigapiga shingoni kama walivyozoeana shambani, akamwongoza mpaka nyuma ya jiko. Akamvua kamba kwa mikono yake, akaikunja, akaniletea. Wenzake walipokula nyama yeye alichukua ugali na mboga, akaenda kukaa bwenini. Nilimwona. Nilikuwa na sahani yangu mkononi, nikaendelea kula.

Ndiema naye alikuwepo. Alikula vizuri, akasifu mpishi, kisha akazunguka akiongea na vijana wetu. Nao walishiba, wakafurahi, wakamweleza kila kitu. Nani anaita mpira, nani anamfuata Khisa, tunafanya nini mpira ukichelewa. Mtu akishakula sherehe ya ushindi haoni tena adui.

Baada ya siku ile mazoezi yalilegea. Niliwafokea, niliwakimbiza, haikusaidia. Jioni walitupa jicho kwenye ile kona, hakuna kitu, nyasi tu zimeanza kuota. Walikuwa wameshakula. Wakimbilie nini tena?

Fainali ilikuwa dhidi ya mlimani. Wale wakubwa waliokaa kwenye nyasi na sare zao, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliwaona wakicheza. Skramu ya kwanza, Khisa akaokota mpira, akaenda kulia, akawakuta watatu wanamngoja. Ya pili vile vile. Ya tatu, ya nne. Wakati wa mapumziko nikawaambia wapitie kushoto. Hawakuweza. Kushoto hatukuwahi kufanya mazoezi, na hilo lilikuwa kosa langu, si lao.

Kipindi cha pili mvua ikanyesha. Mvua ya kwanza ya masika, kubwa, na watu waliokuja kutazama wakashangilia mvua kuliko mchezo, maana wote ni wakulima. Tulikuwa na penalti mbili tu, pointi sita kwa kumi na saba. Mpira ukaja kwa Khisa, naye hakuutazama. Alikuwa anatazama juu, mbinguni, maji yanamtiririka usoni. Mpira ukampita. Watu wakamzomea. Mimi peke yangu nilijua anachohesabu.

Wanafunzi wa zamani hawakuchanga, kwa sababu hakukuwa na kombe. Bwana Murunga alisema suala la ng'ombe litajadiliwa kwenye mkutano wa muhula wa pili. Halikujadiliwa. Na msiniulize kwa nini sikumnunulia yule mama fahali mimi mwenyewe. Mwaka ule nilinunua pikipiki. Jibu ni hilo.

Jumatatu nikaichukua kamba, nikaenda. Nilimkuta Mama Khisa uani anachambua mbegu za mahindi. Jirani alikuwa amefungwa peke yake kando ya boma. Akanikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea na mbegu zake. Habari alikuwa nazo tayari, lakini alitaka niseme mimi. Nikaweka kamba chini mbele yake.

"Mlimla lini?" akauliza.

"Februari, mama."

"Na kombe lilikuwa lini?"

"Juzi, Jumamosi."

Akamwaga mbegu za kiganjani kwenye ungo. Kisha akasema, "Basi mlikula fahali kabla ya kombe, mkabaki na kamba. Sasa mbona unaniletea mimi?"

"Ni yako, mama."

"Yangu si kamba. Yangu ni fahali. Nenda nayo, mwalimu. Siku ukinunua wa kumfunga, utanikuta hapa."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Niliiokota kamba, nikapita njia ya shambani, na huko nikamkuta Khisa na jembe la mkono, ameanza mstari wa kwanza wa ekari tatu. Alisimama, akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," akainama tena. Hakurudi shuleni. Mtihani wa mwisho hakuufanya. Waliolimiwa na mama yake walitafuta jozi nyingine, na Jirani akauzwa, maana fahali mmoja ni mdomo tu wa kulisha.

Maneno yale majirani waliyasikia, yakafika sokoni, yakafika hapa. Kufikia Juni watu walikuwa wameyafupisha. Mtu akisifia mazao yangali machanga, anaambiwa. Akipanga harusi kabla ya kukubaliwa, anaambiwa. Wengi wanaoyatumia hawajui kulikuwa na ng'ombe wa kweli, aliyeitwa Tajiri.

Unasema nini, Wabwile? Ndiyo, swali zuri. Hapana, sikurudi kwa Mama Khisa na fahali. Kila mwaka nilisema nitarudi. Nilirudi siku ya mazishi yake, nikakaa nyuma kabisa, na Khisa akaniletea chai.

Nimesema mama yule aliachiwa watoto wawili, na hakuna kati yenu aliyeniuliza wa pili ni nani. Wa pili alikuwa msichana wa darasa la sita, mwenye akili kuliko kaka yake. Jembe la mtu mmoja halisomeshi mtoto, naye akaacha shule mwaka ule ule. Alipokua alikuja kuomba kazi hapa, nami nikamwombea, hilo tu ndilo nililoweza. Miaka ishirini anawapikia. Katika jiko lile lile ambalo Tajiri alichinjwa nyuma yake. Leo mchana nyinyi mmempelekea fulana ya "Mabingwa" mwezi wa pili, mkamwomba nyama, na alipowajibu kwa maneno ya mama yake mkamcheka.

Nendeni mkamwombe radhi. Msimweleze mengi, mwombeni radhi tu, kisha mkajifunze kupitia kushoto. Na mkitoka, tazameni hapo juu ya mlango, kwenye msumari. Nimeitundika mahali ambapo siwezi kuingia wala kutoka bila kuiona. Mla fahali kabla ya kombe hubaki na kamba.