Pimbi Aliyekwama Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa. Hapo zamani za kale, kwenye kilima cha mawe, aliishi pimbi mmoja, jina lake Siwema. Mlango wa nyumba yake ulikuwa ufa mwembamba. Pimbi anapita, tai hapiti.

Chini ya kilima palikuwa na shamba la karanga. Siwema akala asubuhi, akala mchana, akala jioni. Akila analala. Akiamka anakula. Tumbo likatanuka, miguu ikapotea chini yake.

Siku moja kivuli kikapita juu ya mawe. Tai. Pimbi wote wakazama nyufani. Siwema akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likagoma. Akasukuma. Wapi. Nyuma akasikia mabawa, vuu, vuu, vuu. Kucha zikamchana mgongo, chwaa. Shangazi yake Tunu, aliyekuwa ndani, akamkamata mikono, akamvuta mpaka tumbo likachubuka. Akaingia. Akajibanza humo mpaka jua likachwa.

"Shangazi, atarudi?"

"Atarudi. Ameshakuonja."

Siwema akaacha kula. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu kizunguzungu kikamwangusha, na tumbo bado halipiti.

"Kula, mwanangu," akasema Shangazi Tunu. "Kula kiasi, halafu ukimbie."

"Nikimbie wapi? Humu hamna nafasi."

"Nje."

"Nje yuko tai."

"Najua. Nitakaa juu ya jiwe niangalie. Nikipiga mluzi, rudi."

Siwema akajibana mlangoni, Shangazi akamsukuma mpaka akatoka. Akashuka kilima, akapanda, he, he, he. Mara moja tu, akalala chali, moyo du, du, du. Kesho yake mara mbili. Keshokutwa mara tatu. Kila wingu lilimshtua. Kila jani likianguka, alidhani ni kucha. Lakini hakuacha, na chakula akala kiasi tu. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa. Miguu ikaanza kuonekana.

Asubuhi moja yuko chini kabisa ya kilima, akasikia mluzi, fyuuu. Hakutazama juu. Akakimbia. Kivuli kikamfunika mgongo, kikamfunika kichwa. Vuu, vuu, vuu. Akaruka jiwe, akaruka la pili, akafika mlangoni. Kichwa. Mabega. Tumbo. Likapita, swii. Nyuma yake kucha zikaparura jiwe, paru, paru.

Yeye na Shangazi, aliyewahi kuingia kabla yake, wakakaa gizani, wameshikana, mpaka mabawa yakaenda zake.

"Shangazi," akasema Siwema, "kesho utaniangalia tena?"

"Huogopi?"

"Naogopa. Nitakimbia hivyo hivyo."

Basi, wanangu, na ninyi wazazi wao: anayetaka kupunguza mwili asijitese kwa njaa. Ale kiasi, aupe mwili mazoezi kila siku, na hofu isimzuie.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeisikia amsimulie mwenzake.