Waliojibu Kugonga

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni ya juzi tu, kwenye machimbo ya dhahabu palikuwa na waokoaji watatu. Walikuwa na desturi yao. Aliyefukiwa akigonga mwamba kwa jiwe mara tatu, anasema: niko hai. Mwokoaji naye hugonga mara tatu: nimekusikia, nakuja. Na ukishajibu, huondoki mpaka umtoe.

Siku moja shimo likaporomoka juu ya watu kumi na wawili. Kashinje, mmoja wa wale watatu, akateremka kwa kamba. Akatoa mmoja, akatoa wa pili, akatoa mpaka wakatimia kumi na mmoja. Akasikia ko, ko, ko. Akajibu ko, ko, ko. Ndipo kuta zikaanza kumwaga mchanga. Mzee Lugata, kiongozi wao, akapuliza filimbi: tokeni. Kashinje akaitikisa kamba: ningojeni. Nyamizi, mshika kamba, hakungoja. Akamvuta juu, Kashinje akipiga mateke na kulia, na shimo likajifunga.

Watu wakawasifu kwa wale kumi na mmoja. Wakawaita majasiri. Mkadhani yameisha?

Mwezi wa tatu tangu siku ile, asubuhi, majirani wakamkuta Kashinje amechimba sakafu ya nyumba yake hadi usawa wa kifua, kucha zimeng'oka. "Nilikuwa natwanga mahindi tu hapo nje," mkewe akasema.

Akaja daktari wa maradhi ya akili na gari lake, akawakuta waokoaji wote watatu pale. "Wodini nimebakiwa na kitanda kimoja," akasema. "Kingine mpaka mvua ziishe. Nimchukue nani?"

"Mimi nilijibu," akasema Kashinje. "Nilimwambia nakuja. Bado ananingoja."

"Wewe ulivutwa, ndugu yangu," akasema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyevuta. Mwanangu ana miezi mitano, na tangu siku ile sijambeba. Nikimshika tu, naona mikono inamwachia. Analelewa na dada yangu, na akiniona analia kama ameona mgeni."

Mzee Lugata akasogea mbele. Watu wakasema, huyu mzima, anakula, anasalimia watu.

"Filimbi ilikuwa yangu," akasema. "Kila siku napita kwa mama wa yule kijana tuliyemwacha shimoni. Ananipa uji, ananishukuru kwa kujaribu. Nilimwambia mwanawe alikufa papo hapo. Nakunywa ule uji, kisha nautapika nyuma ya nyumba yake."

Daktari hajafungua kinywa, nyumba ya tatu kutoka pale mama mmoja asiyejua lolote akaanza kutwanga. Ko, ko, ko.

Wote watatu wakaanguka magotini. Kashinje akafukua kwa vidole vyenye vidonda. Nyamizi akavuta kamba ambayo haikuwapo, akavuta, akavuta. Na Mzee Lugata, yule aliyesema tokeni, akaokota jiwe, akagonga ardhi mara tatu, akatega sikio.

Daktari alikuwa ameshika mlango wa gari. Kitanda kimoja, na mvua ndiyo kwanza zinaanza.

Haya, ninyi mnaonong'ona huko nyuma kwamba jasiri haugui. Ingekuwa ninyi, mngempandisha nani? Na wale wawili mngewaambia nini?