Kabichi ya Kipupwe na Kamba ya Kisima

Sogeeni karibu. Anayechambua mchele aendelee, masikio hayashiki ungo. Nina watu watatu wa kukupeni, na kamba moja. Mwisho mtaniambia kamba hiyo ni ya nani, maana mimi nimeshagombana na watu wa kutosha kwa habari hii, na mmoja wao hata pole ya msiba hakuja kunipa.

Watu wenyewe ni Simai, Machano na Mize, wote wa kijiji cha Kidotwe, upande wa kusini wa kisiwa, mahali ambapo ukichimba kwa mwiko wa kupakulia unagonga jiwe.

Simai alikuwa na mikono. Jiwe lolote akilinyanyua alishajua litakaa vipi juu ya jengine. Ni mtu wa Pemba, alikuja kuoa kwetu akabaki, na mpaka leo wapo wanaomwita mgeni, ilhali watoto wake hata njia ya bandarini hawaijui.

Machano alikuwa na pua. Alfajiri akitoka nje akavuta hewa mara moja, alikwambia mchana utavaa nguo gani. Alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Kazija, na mkewe akisema kuwa pua ndiyo kiungo pekee cha mumewe kinachoamka mapema.

Mize alikuwa na macho. Jani likiumwa, alilijua kabla jani lenyewe halijajijua. Aliachika akarudi kwa mama yake, jirani na kisima. Kwa nini aliachika ninajua, lakini leo tunazungumza kabichi.

Sasa kamba. Kidotwe pana konde moja tu lenye udongo wa maana, na ndani yake kisima kimoja tu cha maji matamu. Mahali hapo ni wakfu. Aliyeliweka konde hilo, Mungu amrehemu, alisema mboga zake ziende kwenye chungu cha futari cha msikiti na kwa kila mgonjwa atakayezihitaji, na mtunzaji, mshika kamba ya kisima, awe mtu mmoja. Kamba moja, mkono mmoja. Zamani waliwahi kujaribu kuwapa ndugu wawili. Wakagombana, wakaikata kamba, kila mmoja akaenda na kipande chake, na hakuna kipande kilichofika majini. Mboga zikakauka, wagonjwa wakanywa uji mtupu.

Basi kwa miaka mingi kamba ilikuwa mkononi mwa Bi Kazija bint Ussi. Lakini magoti yalimgomea. Akatangaza kwamba kipupwe kikiisha atakabidhi.

Kukabidhi kuna adabu yake. Mtunzaji anayeondoka hutaja mboga, mboga hiyo hupandwa kondeni, na siku ya Ijumaa wazee wa msikiti huandaliwa sinia. Wakishakula, amri ya mtunzaji wa zamani imekwisha, na kamba lazima iwe mkononi mwa mpya kabla ya adhana ya adhuhuri. Sinia likija bila mboga iliyotajwa, au adhana ikikuta kamba haina mwenyewe, wazee wa kamati humpa wamtakaye.

Na wamtakaye alijulikana. Alikuwa Pandu, mfyatuaji wa matofali. Maji ya chumvi huharibu tofali, kwa hiyo Pandu alikuwa akikitazama kile kisima kwa jicho ambalo mwanamume hapaswi kulitumia ila kwa mkewe. Kamati aliifanyia hisani nyingi, na kibaraza cha msikiti ni kazi ya tofali zake. Akipata kamba, maji ya wagonjwa yangekwenda kwenye saruji.

Wala asingeifikia, lau si ulimi wa Bi Kazija. Ilikuwa kwenye maulidi. Wazee walikuwa wamekaa wakimngoja ataje mboga, na sote tulijua atataja mchicha, kitu ambacho hata ukikilaani kinaota. Pandu akacheka, akasema mchicha hata kuku anaupanda. Shamba la Bi Kazija lingekuwa shamba kweli, lingetoa kabichi kama za milimani, lakini kabichi ya pwani hufunguka kama mwavuli, haifungi moyo.

Bi Kazija alimtazama, kisha akawageukia wazee.

"Someni fatiha. Sinia la kabichi, iliyofunga."

Fatiha ikasomwa. Na kwetu fatiha ikishasomwa, neno halirudi tumboni. Nyuma ya pazia tulikamatana mikono, maana hakuna aliyewahi kuiona kabichi imefunga Kidotwe.

Asubuhi yake aliwaita wale watatu waliokuwa wakimsaidia, akawaambia wapande pamoja, na yule ambaye kabichi itafunga kwa ajili yake, huyo ndiye atakayeshika kamba. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. Walitoka mlangoni kila mmoja akimtazama mwenzake kwa upande.

Mnakijua kipupwe. Alfajiri baridi na umande mpaka khanga inalowa, mchana jua linachungulia kama mtu anayekudai, alasiri mvua ya mchoo inapita, na juu ya yote upepo wa kusi, ambao siku nyengine unakuja na bahari mgongoni. Kabichi inapenda hiyo baridi. Vilivyobaki vyote inavichukia.

Wa kwanza kufanya kazi alikuwa Simai. Miche ilikuwa ingali laini kama sikio la paka, na kusi likaanza kuvuma. Simai akaanza kujenga ukuta wa mawe makavu upande wa baharini, lakini akaujenga una matundu. Pandu alikuja na watu wake wa matofali kutazama.

"Ukuta wa matundu, mgeni? Kwenu hata mitungi mnaitoboa?"

"Upepo ukiuziba kabisa, bwana, unaruka ukuta na kukuangukia utosini," alisema Simai bila kugeuka. "Ukiupa njia nyembamba, unapita na adabu zake."

Alijenga mpaka kucha zikamtoka. Ukuta ulipofika kifuani, kusi lilivuma kwelikweli. Mipapai ya Pandu, iliyokuwa nyuma ya ukuta wake wa tofali usio hata tundu la sisimizi, ilivunjika yote. Miche ya kondeni ililala kidogo, ikaamka. Bila ule ukuta, hadithi yangu ingeishia hapa na mngeenda kulala.

Wa pili alikuwa Machano. Miche ilishakuwa na majani mapana, na wote watatu walianza kuota kamba. Asubuhi moja mbingu zilikuwa nzito, kila mtu akingoja mvua. Machano akaja akivuta hewa, akachuma kipande cha jani, akakilamba. Akasema usiku kusi limebeba povu la bahari, majani yote yana chumvi, na jua likiyakuta hivyo litayaunguza kama samaki wa kukaanga.

Mize akamwambia mvua ile pale inakuja, itayaosha yenyewe, na kabichi ukiimwagia maji siku ya mvua unaiita kuoza. Simai akakubaliana na Mize. Na kweli, yeyote mwenye macho angekubaliana naye.

"Mvua hii haishuki," alisema Machano. "Inapita."

Akaishika kamba peke yake. Mtu ambaye mkewe humwamsha kwa kumnyang'anya shuka, siku hiyo alivuta ndoo baada ya ndoo, akaosha jani moja moja, juu na chini, mpaka viganja vikachubuka na kamba ikawa nyekundu. Wenzake walisimama wakimtazama, na kila ndoo iliyomwagika Mize alikuwa akifumba macho kama anayechomwa sindano.

Mvua haikushuka. Mawingu yalipita kama watu wa harusi ya kijiji chengine, na adhuhuri jua likatoka wazi. Mchicha wa majirani, mabilinganyi yao, hata mpera wa msikitini, vyote vilibadilika rangi kabla ya alasiri. Kabichi zilibaki na kijani chake.

Wa tatu alikuwa Mize, na hapa ndipo roho zilipopanda juu. Mchoo uliogoma ulikuja baadaye kwa pupa, rasharasha asubuhi, rasharasha jioni, juu ya ardhi ambayo Machano alishaishibisha maji. Hata hivyo kabichi zilinenepa. Zile kubwa zilianza kukunja majani ya ndani, na watu walikuja kuzitazama kama mtoto mchanga. Pandu alikuja, akaziona, akaondoka. Siku ya sinia ilikuwa inakaribia.

Mize akainama juu ya ile kubwa kuliko zote. Ukingoni mwa jani aliona alama ya njano ya pembe tatu, kama hirizi. Akaenda ya pili, akaiona. Akasimama akiwa hana rangi usoni. Kisha akaanza kung'oa.

Machano alimshika mkono. Simai alisimama mbele yake, akamuuliza.

"Dada Mize, unang'oa kabichi au unatung'oa sisi?"

"Huu ni ugonjwa, kaka. Matone yakipiga hapa yanaurusha kule. Nikiziacha hizi, Ijumaa hatuna hata moja."

Wakamwambia haliumwi hata jani moja, mbona wao hawauoni huo ugonjwa. Akawajibu kuwa ndiyo maana ameumbwa yeye. Akang'oa zote zenye alama, tena zilikuwa ndizo nzuri, akazichoma moto mbali na konde, akatandika makuti chini ya zilizobaki ili tope lisiyarukie majani. Zilizobaki zilikuwa chache na ndogo, hata moja haijajikunja.

Maneno yalifika kisimani kabla ya ndoo. Ati Mize kalishwa pesa na Pandu. Ati Pandu kamposa. Mama yake aliacha kutoka nje. Simai na Machano wakawa wanalinda konde kwa zamu, na wanamlinda yeye asiingie. Akawa anazitazama kabichi kupitia yale matundu ya ukuta.

Kisha siku mbili tatu baadaye, Machano mwenyewe alikuta alama ya hirizi kwenye jani la chini la moja ya zilizobaki. Akaja mpaka mlangoni kwa mama yake Mize, akasimama nje akikuna kichwa, akamwomba aje. Mize alikuja bila kumsema. Akaondoa nyengine, na nyengine. Wiki ya sinia ilipoingia, konde zima lilikuwa na kabichi zisizozidi vidole vya mkono, na zote wazi kama mwavuli, kama alivyosema Pandu.

Baridi ya mwisho ya kipupwe ilishuka usiku wa Jumatano. Alhamisi kabichi moja ilikunja majani. Moja tu. Ijumaa asubuhi ilikuwa imefunga, si kubwa, ngumi ya mtu mzima na kidogo, lakini imefunga.

Wazee walikuja na kanzu zao, Pandu nyuma yao. Akaomba aijaribu kabla haijakatwa. Akaibana kwa dole gumba, akaibana tena, na dole halikuingia. Bi Kazija akaipasua kwa kisu mbele yao. Ndani ilikuwa nyeupe, jani limelala juu ya jani. Ikapikwa kwa nazi na bizari, ikawekwa katikati ya sinia la wali, kila mzee akapata tonge lenye ukanda wake wa kabichi. Hata Pandu alikula, akitafuna polepole kama anayetafuta mchanga.

Imamu akasema alhamdulillahi, sinia limetimia. Akamwambia Bi Kazija amri yake imekwisha, atoe kamba.

Bi Kazija aliishika kamba, imekunjwa, bado ina madoa ya viganja vya Machano. Akawauliza wale watatu.

Simai alisema kwamba bila ukuta wake kusingekuwa na jani la kuoshwa wala la kung'olewa.

Machano alisema ukuta huzuia upepo, hauzuii chumvi, na siku ya chumvi wenzake wote wawili walimwambia aache.

Mize alisema maji ya Machano ndiyo yaliyoukaribisha ugonjwa, na siku ya ugonjwa wote wawili walimzuia, na kama angewasikiliza, wazee leo wangekula wali mtupu.

Machano akamjibu kuwa asingeosha, ugonjwa ungekosa hata kabichi ya kuumwa. Simai akasema mnaona, wanagombania paa na wameusahau msingi. Mzee mmoja wa kamati akanong'ona kuwa mgeni anaweza kurudi kwao wakati wowote. Mwengine akanong'ona kuwa Machano ni mpwa wa mtunzaji, watu watasema amependelewa. Wa tatu akanong'ona kuwa Mize bado kijana, akiolewa kijiji chengine kamba itakwenda na nani? Walinong'ona hivyo mpaka sote tukasikia.

Mtu akasema wagawane. Bi Kazija akatikisa kichwa. Yeye alikuwa mtoto wakati ule kamba ilipokatwa vipande viwili, na nduguye mdogo alikuwa miongoni mwa wagonjwa waliokunywa uji mtupu. Hakunywa mara nyingi.

Muadhini akasimama, akaanza kupanda ngazi. Pandu naye akasogea mpaka kwenye mlango wa konde, akasimama na mikono nyuma, hana haraka, kwa sababu asipotajwa yeyote, kamba ni yake.

Bi Kazija amenyoosha mkono wenye kamba. Mbele yake mikono mitatu imenyooka: mmoja hauna kucha, mmoja una makovu ya kamba, mmoja una masizi ya zile kabichi alizozichoma. Muadhini amefika juu, ameweka viganja masikioni, anavuta pumzi.

Nimekuachieni hapo. Sasa wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo kama unayejua, kamba hiyo ungeiweka kwenye mkono upi? Sema upesi. Ukinyamaza, Pandu yuko mlangoni.